Majonzi ya Wastani

Kwa miaka ishirini na sita Maureen Oldroyd alikaa kwenye meza ya matangazo ya vifo, katika gazeti la kila wiki la mji mmoja mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, na kazi yake hasa ilikuwa kuwatafutia wafiwa maneno. Watu wa pale hawapendi kusema yaliyo moyoni. Walifika wameshika kofia, wakaguna, mengine wakamwachia yeye. Naye alijua neno gani huandamana na lipi. Majonzi lazima yawe makubwa. Pigo lazima liwe zito. Pengo lazima liwe lisilozibika; hakuna aliyewahi kufa mjini pale akaacha pengo la kuzibika.

Jumatatu moja ya mwaka 1974 akaingia Bi Winifred Thackray, ambaye mumewe, Clifford, alikuwa amefariki Ijumaa. Maureen akamsomea kama kawaida: ameacha mke mwenye majonzi makubwa.

"Makubwa?" akauliza Bi Winifred. "Kipenzi, miaka arobaini mtu yule kafuga njiwa kwenye chumba changu cha wageni. Andika ya wastani."

Maureen akamweleza kuwa majonzi ya wastani hayajawahi kuchapishwa. Bi Winifred akasema basi yeye atakuwa wa kwanza. Maureen, ambaye asubuhi ile tayari alikuwa ameandika mapengo manne, akajikuta anaandika huku anajiuma mdomo asicheke.

Gazeti lilipotoka, mhariri, Bwana Crabtree, alimwita akamfokea kwa sauti ya chini kabisa, kama wafanyavyo watu wa pale wakikasirika kweli. Mji mzima ukacheka.

Wiki ya tatu Bi Winifred akarudi. Njiwa wote alishawagawa, akaeleza, na kila alfajiri bado anaamka kusikiliza zile kelele alizozilaani.

"Nirekebishie," akasema. "Weka makubwa."

Maureen aliandika bila kuinua uso, maana macho yalishamlowa. Alhamisi masahihisho yakatoka: katika tangazo la kifo cha Bwana Thackray, palipoandikwa "ya wastani" pasomeke "makubwa".

Kesho yake akaja Bwana Ogden, fundi bomba, aliyekuwa ametangaza simanzi isiyo na kifani kwa kifo cha mama mkwe wake. Akachungulia mlangoni kuhakikisha mkewe hayuko karibu, kisha akauliza kama inaruhusiwa pia kupunguza.