Jicho Lililomwandama Migo

Mjini Lipa, kusini mwa Manila, Consorcia Dimaano alijulikana kwa foronya zake. Alifiwa na mume akiwa na miaka thelathini na mmoja, akakalia cherehani mpaka mwanawe wa pekee, Ariston, akamaliza chuo. Hakuwahi kwenda kwa jirani kuomba hata chumvi, na alipenda watu walijue hilo.

Ariston na mkewe walipopata kazi Manila, walimwachia mtoto wao Migo, kachanga ka siku arobaini na tatu. Consorcia akamlea miaka miwili. Yeye ndiye aliyemfundisha kushika mkono wa mkubwa na kuuweka kwenye paji la uso kwa heshima, ndiye aliyejua kwamba hasinzii mpaka ashike sikio la mtu.

Kisha akarudi Violeta, mama wa mkewe Ariston, baada ya miaka kumi na minane ya kuogesha wazee wa watu huko Kanada. Alikuja na maboksi marefu kumzidi Migo, akatangaza kwamba familia nzima itakwenda siku mbili kwenye bustani ya michezo kule Laguna, gharama zote juu yake, hata hoteli.

"Wewe mkwe uje na miguu yako tu," alimwambia Consorcia.

Consorcia hakuwa mtu wa kwenda mikono mitupu. Siku ya safari akaamka alfajiri, akapika kuku wa siki na wali, akafunga kwenye majani ya mgomba. Langoni wakaambiwa chakula cha nyumbani hakiingii, vifurushi vikabaki garini. Ndani, Violeta akamnunulia mtoto aiskrimu yenye masikio ya dubu, na puto. Consorcia alipoulizwa atakula nini alisema ameshiba, na tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani.

Walipofika kwenye farasi wa bandia wa kuzunguka, wakaambiwa mtoto mdogo hupanda na mtu mzima mmoja tu. Bibi wote wawili wakanyoosha mikono. Migo akatazama huku, akatazama kule, akaenda kwenye puto, mkononi mwa Violeta.

Consorcia akasema magoti yanamsumbua hata hivyo. Akasimama kwenye uzio. Kila farasi walipopita alimwona Violeta amemkumbatia mtoto, akiwaambia watu wote jinsi mjukuu wake alivyonona na kupendeza. Mzunguko wa kwanza Migo alimpungia Consorcia mkono. Wa pili hakumpungia. Wa tatu alikuwa ameshika sikio la Violeta. Consorcia akakodoa macho, hakupepesa.

Mtoto alishuka amepauka, tumbo limekaza kama ngoma, analia na kujipindapinda. Kwa watu wa kwao hilo halina kuuliza: mtoto amepatwa na jicho la mtu aliyemsifu kupita kiasi. Aliyempa jicho hulowesha kidole gumba kwa mate, akampaka tumboni, basi likamtoka.

Consorcia hakungoja. "Mkwe, tangu asubuhi unamsifu mtoto na hujasema hata mara moja jicho lipite. Kanada wamekusahaulisha? Mpake mate."

Violeta hakubisha. Alilowesha kidole, akapaka. Mtoto akazidisha kilio. Ariston akasema ni ile aiskrimu tu, wampeleke kwa nesi.

Consorcia alijua jicho lilikuwa la nani. Mama yake alimwambia zamani kwamba jicho halihitaji sifa. Jicho lenye njaa linatosha. Akinyamaza, aibu itabaki kwa Violeta, na hakuna atakayemshuku. Lakini mtoto alikuwa bado analia.

"Mleteni hapa," akasema, akakilamba kidole chake.

"Mama, wewe unamwona kila siku," Ariston akasema.

"Leo nimemwona vingine."

Akampaka tumboni polepole. Migo akatapika aiskrimu yote kwenye blauzi mpya aliyojishonea kwa safari hiyo, kisha akashusha pumzi, akatulia. Ariston akasema si alisema ni aiskrimu.

Violeta ndiye aliyeleta maji na kumfuta ile blauzi. Alisema kwa sauti ya chini, bila kuinua uso, "Zile picha za mtoto ulizokuwa ukinitumia, dada, nilikuwa nazifuta kwenye simu. Nikimwona mapajani mwako, chakula hakipiti."

Consorcia akamwambia kuna kuku garini. Wakaenda wakala kwa mikono, wamesimama, na Violeta akalamba hata jani.

Migo akasinzia begani kwa Consorcia. Violeta akafungua mikono yake.

"Mpaka mlangoni pa hoteli," Consorcia akamwambia. "Halafu unirudishie."

Akamkabidhi. Akatembea nyuma yao, macho kwenye kile kichwa kidogo kilicholala begani kwa mwingine, roho ikimuuma vilevile, na njia nzima alikuwa ananong'ona: jicho lipite, jicho lipite.