Chokaa ya Shangazi

Kosa la kwanza lilikuwa langu: nilimwambia shangazi kwamba mpiga picha wa makumbusho angekuja Jumamosi kuupiga picha ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa msikiti wa kale, hatua chache kutoka kwetu Msambweni, na bahari imeshaula nusu. Bibi, mamake shangazi, aliutunza maisha yake yote, akiupaka chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani. Alipofariki, shangazi akairithi kazi hiyo. Picha ya bibi hatuna hata moja. Shangazi alitaka kitu kimoja tu: ukuta uhifadhiwe hata kwa picha kabla haujaanguka.

Jumamosi mimi na mpiga picha tuliukuta unameta. Shangazi alikuwa ameupaka chokaa jana yake.

"Shikamoo, shangazi. Umefanya nini?"

"Marahaba. Mgeni apige picha ukuta mchafu? Aibu hiyo, mwanangu."

Nilipandwa na hasira, nikamwambia ameharibu kila kitu. Mpiga picha alikuwa amenieleza: hupiga picha nyingi akiuzunguka ukuta, kisha kompyuta huziunganisha kwa kutafuta alama zilezile, doa hapa, ufa pale. Penye weupe mtupu kompyuta hupotea. Tulijaribu hivyo hivyo; kwenye skrini ukatokea ukuta wenye tundu kubwa katikati. Shangazi alilitazama lile tundu.

Mpiga picha aliomba leso za kuutia ukuta kivuli, na kioo cha kujitazamia. Akaunasa mwanga wa jua kwa kile kioo, akaupitisha kwa upande usoni mwa ukuta, kila mbonyeo ukatoa kivuli. Nikasahau hasira, nikasogea. Chini ya chokaa nyepesi ya brashi ya shangazi kulikuwa na chokaa nzito ya zamani, iliyopakwa kwa mkono. Mifuo ya vidole ilijitokeza safu kwa safu. Lakini mbona kila safu ilikuwa na pengo mahali pale pale?

"Mama alikatwa kidole cha kati na panga," shangazi alisema polepole.

Picha zilizopigwa kwa mwanga ule zilishikana, tundu likaziba. Shangazi hakuitazama skrini. Alikuwa ameuendea ukuta, ametia vidole kwenye mifuo, cha kati amekikunja. Nilimfuata nimwombe radhi, nikasimama mbele ya kioo bila kujua, na mifuo yote ikapotea.

"Sogea, mwanangu," akasema. "Unanizibia mama."