Mfalme wa Mbeke Alipotoka Kwake

Kama ungetaka kumjua Mbeke, mama Ndanu wa Kitengela, ungemtazama tu akicheza chesi. Kitu cha kwanza, anamfungia mfalme wake kwenye kona, anamzungushia askari watatu, na hapo hamtoi tena mpaka mchezo uishe. Ndivyo alivyoishi pia tangu amzike mume wake: nyumbani, kanisani anakofagia, nyumbani. Binti yake Ndanu ndiye alimfundisha mchezo huo, asikae akiangalia ukuta.

Sasa Jumamosi hiyo alikuwa Kajiado mjini, ukumbi umejaa, na kwenye timu ya kaunti ilibaki nafasi moja. Mbeke aliitaka hiyo nafasi mpaka akaona haya kumwambia Mungu. Ilibidi amshinde Wasike, mwalimu wa Tuala, mtu wa kelele. Wasike akipata njia ya kumtishia mfalme wako, lazima amtishie, hata kama haimsaidii, bora aseme "cheki" na watu wa nyuma wasikie.

Vipande vilikuwa karibu viishe mezani. Kila mmoja alibaki na ngome moja na askari wachache. Mbeke alishaona pa kupeleka ngome yake. Lakini mfalme wake alikuwa amesimama upande, nusu nje ya mraba wake, na mama anayenyoosha viti vya kanisa kila wiki hawezi kuacha kitu kimepinda. Akamnyoosha.

"Umemgusa," Wasike akasema. "Ukigusa, unacheza hicho."

Soipan, mwamuzi, alikuwa meza ingine na hakuona. Akaja, akamuuliza Mbeke kama ni kweli. Akikana, litakuwa neno lake na la Wasike tu.

"Nimemgusa," akasema.

Akamsogeza mfalme hatua moja mbele.

"Cheki," Wasike akasema. Mfalme akapanda tena. "Cheki, mathe. Leo umeamua kutembea?"

Watu wakacheka. Mbeke akapanda hatua ingine, na hapo ndipo akaona. Kila akifukuzwa anazidi kukaribia askari wa Wasike, na hao askari hawana wa kuwalinda, maana ngome yao iko mbio kumkimbiza yeye. Akala mmoja. Akala wa pili, na Ndanu huko nyuma akapanda juu ya kiti. Kisha askari wake mwenyewe akapata njia, mfalme akaandamana naye kama mzazi anayepeleka mtoto shule, mpaka mstari wa mwisho, na huyo askari akageuka malkia. Hatua nne baadaye Wasike akamlaza mfalme wake, kukubali ameshindwa.

Wasike akampa mkono vizuri, akauliza ni nani alimfundisha kucheza hivyo.

"Ni wewe, mwalimu," Mbeke akasema. "Mimi nilikuwa nimejifungia."

Soipan akaleta fomu ya timu. Mbeke akaandika jina lake kwa herufi kubwa, halafu akauliza, hata kabla hajakaa, safari ya timu ni lini.