Visogo Ukutani

Barabara ya Sake, njia yetu ya kwenda Goma, ilipofungwa, filme za rangi zilitoweka Kashebere. Mimi ndiye niliyekuwa mpiga picha wa kijiji, kazi niliyorithi kwa baba, na katika sanduku lake zilibaki filme za nyeusi na nyeupe. Hizo hazikuhitaji kwenda Goma. Nilizisafisha mwenyewe chumbani, dirisha nimeliziba kwa blanketi.

Shida ikawa watu. Wenye bunduki walipokezana kijiji chetu, na kila kundi lililofika lilikuwa na mtu linalomtafuta. Nani angetaka sura yake ibaki kwenye karatasi?

"Dada, sura yangu uiache," aliniambia mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Nyamitaba, ambaye aliuza maziwa karibu na kanisa. Akageuka kuinua bidoni lake la maziwa, nami nikaona shingo ndefu na nywele zilizosukwa mistari myembamba kama shamba lililolimwa jana.

"Mama, baki vile vile!"

"Namna gani?"

"Unipe mugongo."

Alicheka hadi mabega yakatikisika, na picha ikatoka na ukungu. Niliipenda hivyo hivyo.

Nikaamua kupiga visogo tu, mfululizo mzima. Walioninyima nyuso wakaja wamejipamba kwa nyuma. Mwalimu wa kwaya alinyolewa, hakuridhika, akarudi kunyolewa tena. Bibi mmoja alinigombeza kwamba nimepiga kabla hajatabasamu. Nikarudia. Alitabasamu akiutazama ukuta, na naapa tabasamu linaonekana masikioni.

Baba mmoja wa Butembo, mwenye duka kubwa na shingo kubwa zaidi, aliniruhusu nitundike picha dukani kwake. Sikuandika jina hata moja. Jumapili baada ya misa watu walijaa kubahatisha, wakipigana viwiko. Mke wa mwenye duka alipita polepole, akasimama mbele ya picha moja, akaangua kicheko.

"Na huyu? Shingo iko na mikunjo sawa godoro! Ni nani?"

"Aa, Mama," akasema yule muuza maziwa, "si bwana yako?"

Mwenye duka akajifanya anapanga sabuni.

"Weye umemujua namna gani?" mke akamuuliza.

"Kila siku ya Mungu naikalaka nyuma yake mu misa. Ile shingo naijua kupita sala ya Baba Yetu."

Mke alizunguka kaunta, akamshika mumewe mabegani, akamgeuza kama gunia. Alikitazama kisogo, akautazama ukuta, akarudia kisogo.

"Njo yeye, ni bwana yangu," akatangaza, na sisi sote tukacheka hadi mikungu ya ndizi mlangoni ikaanguka.

Hakuishia hapo. Alivuta kiti, akakiweka penye mwanga wa mlango, akaketi akinielekea.

"Mimi unipige uso."

"Mama, huogopi?"

"Mwenye kunitafuta anajua nyumba. Piga."

Alikazia macho kamera kama mteja mbishi, wala hakupepesa. Nilipomletea picha katika fremu yenye kioo, nilijivunia: kila unyusi ulionekana. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaguna.

"Umenifanya sawa mama mukwe."

Akaitundika mwenyewe katikati ya visogo, akamnyoshea mume wake kitambaa apanguse kioo chake.