Mama Mkwe Alipoinua Kidevu Changu

Mwanangu, siku ile naikumbuka hadi baridi yake. Nilikuwa binti wa Rujewa, nimezoea joto la mashamba ya mpunga, nikapelekwa huko juu, karibu na Tosamaganga, kutambulishwa kwa mama mkwe. Mama Yustina alikuwa kiziwi tangu utotoni. Gaudensi, mwanawe aliyenichumbia, alikuwa amenifundisha alama chache za mikono, nami nikajiona nimeiva. Wee!

Sasa, bibi yangu alikuwa ameniusia kwamba mkwe hatazamwi usoni, mwacha mila ni mtumwa. Basi nilipofika nikapiga magoti, nikaamkia "Kamwene", macho chini. Mama akaanza kuniongelesha kwa mikono. Mimi naangalia kanga yangu. Akaniletea togwa, nikapokea kwa mikono miwili, macho ndani ya kikombe. Gaudensi akinitafsiria neno, namjibu Gaudensi, utadhani mama hayupo. Na moyoni najisifu kwa adabu! Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nilikuja mwenyeji akaugua.

Jioni mama alikuwa anapukuchua mahindi. Akayaweka chini, maana mikono yenye kazi haiwezi kuongea, akamweleza mwanawe maneno marefu. Gaudensi akanijia, uso umemshuka.

"Mama anasema kama humtaki, kesho urudi kwenu. Siku nzima umemziba mdomo."

"Mimi? Si namheshimu jamani!"

"Unamheshimu huku umeinama? Mama anaongea kwa mikono. Usipomtazama, aongee na nani?"

Nililia, mwanangu. Nilimpenda yule kijana, na ndoa nilikuwa naiona inaniponyoka. Mama akaja, akachuchumaa mbele yangu, akanigusa bega, akaninyanyua kidevu kwa kidole. Kisha akasema jambo kwa mikono, polepole. Sikuelewa, ila kwa aibu nikaitikia kwa kichwa. Hakudanganyika. Akarudia. Safari hii nikatikisa kichwa kwamba sijaelewa, na hapo ndipo uso wake ulipokunjuka. Akamwita Gaudensi atafsiri.

Alikuwa anauliza, "Huyu akisafiri, wewe utaongea na mimi?"

Nikamtazama machoni, nikaitikia. Na kweli, Gaudensi alipokwenda Mbeya kutafuta kazi, sisi wawili tulipiga soga jikoni, taa karibu ili mikono ionekane, mpaka ugali unaungua. Leo mama hayupo duniani. Natamani hata anigombeze tena kwa mikono ile.

Nimesikia umeanza kujifunza lugha ya alama hapo Iyunga. Nimefurahi. Ukiwa na kiziwi, mtazame na useme naye mwenyewe, hata kama mkalimani amekaa pembeni. Usimpigie kelele wala kumvuta nguo, mguse bega taratibu. Mkicheka, naye akauliza kuna nini, usimwambie "achana nayo". Hilo linauma kuliko tusi. Usipoelewa, sema. Kuuliza si ujinga, na kuitikia usichokielewa ni kumdharau mtu. Wakikusahihisha vidole, shukuru, lugha ni yao. Na mtu akimwita bubu mbele yako, usinyamaze, mwambie ana jina.

Mungu akujalie mikono myepesi na moyo wenye subira, mwanangu. Na kila nyumba utakayoingia, hata ukiwa mgeni, mwenye nyumba asijione mpweke kwake.