Siku Niliyojibu Hoja Yangu Mwenyewe

Aibu hii nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama nisingekutana na Mama Kulwa sokoni wiki iliyopita, akaniita mbele ya wauza nyanya na wateja wao, "Mwanasheria wetu wa pande mbili," halafu akacheka mpaka akashika kiuno. Basi, kwa kuwa soko zima limeshajua, afadhali nanyi msikie kutoka kwangu, maana nikimwachia yeye ataongeza chumvi (ingawa mkasa wenyewe, kusema kweli, hauhitaji chumvi).

Ilikuwa miaka ya tisini, mashirika ya umma yanauzwa kama mitumba na neno "mwekezaji" linatamkwa kwa heshima ambayo zamani tulimwekea askofu. Mimi nilikuwa mwanasheria wa kiwanda kimoja cha samaki hapa Mwanza. Nikisema mwanasheria namaanisha kitengo kizima cha sheria: mkuu wa kitengo nilikuwa mimi, msaidizi wake mimi, na aliyelalamika kwamba mkuu hamsikilizi alikuwa mimi vilevile. Kazi yenyewe ilikuwa kupitia mikataba ya barafu na ya mitumbwi, kisha kufunga mlango na kusoma gazeti. Kiwanda kikauzwa. Tukaambiwa mwenye mali mpya anakuja, na akija atapunguza watu, na kila idara ikaanza kuhesabu nani ataondoka nani atabaki, mimi nikatazama kitengo changu nikaona kwamba ukipunguza mtu mmoja tu kitengo kimekwisha.

Nikiwa katika hofu hiyo ndipo nikapelekwa semina, kwenye hoteli ya ufukweni, ya kuwaendeleza wanasheria walioajiriwa na makampuni. Mtoa mada alitoka Dar es Salaam na suti ya rangi ya maziwa na mashine ya kumulika maandishi ukutani, akatuambia kwamba zama za mwanasheria wa kujifungia zimepita. Mwanasheria wa kisasa huonekana. Hujitolea kabla hajaombwa. Mwanasheria wa kisasa ni daraja kati ya watu na menejimenti, na mlango wake uko wazi siku zote. Tukaandika "daraja" tukapiga mstari chini yake, tukala kuku, tukapewa vyeti. (Cheti ninacho. Mke wangu alitaka kukitupa, nikamzuia, sijui kwa nini.)

Kesho yake nikatoka nje ya ofisi, nikaokota jiwe, maana hapa Mwanza jiwe halitafutwi, nikaliegemeza kwenye mlango usijifunge. Hilo tu. Mengine yote yaliyonipata yaliingia kupitia mlango huo.

Wa kwanza kuingia alikuwa Mama Kulwa mwenyewe, mkongwe wa chumba cha minofu, na buti zake nyeupe za mpira. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama akilitazama lile jiwe.

"Nshomile," akasema (ndivyo wanavyotuita sisi Wahaya tuliosoma na tusioweza kulinyamazia jambo hilo), "leo umefungua, kuna nini, nani kafa?"

Nikamwambia hajafa mtu, nimefungua kwa ajili yao, aulize lolote. Akauliza kama mwekezaji anaweza kumwondoa hivi hivi baada ya miaka yote ya kuchuna sangara. Sasa jamani, mniwie radhi. Mtu umesoma chuo kikuu, umekaa miaka ukikagua mikataba ya barafu, halafu mtu anakuja kukuuliza swali la sheria kwa macho ya kukuamini kabisa. Nilivua miwani nikaifuta, nikakohoa kidogo, nikaanza. Nikamweleza kwamba kampuni haiwezi kumpunguza mtu kabla ya kuzungumza na tawi la wafanyakazi, kwamba ana haki ya notisi na kiinua mgongo, na kwamba lazima arudishwe kwao kwa gharama ya kampuni, yeye, familia na mizigo, na kwamba wakati akisubiri usafiri alipwe posho ya kujikimu. Nilisema vizuri. Mimi mwenyewe nilijipenda.

Mchana akarudi na wenzake, nami nikarudia, safari hii kwa mifano. Siku iliyofuata akaja Masanja, mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, mtu wa maneno machache aliyesikiliza akiwa ameinamisha kichwa kama anayesali. Aliponiuliza kama hoja hiyo ina udhaifu wowote, nikamjibu kwa sauti ambayo korido nzima iliisikia kwamba haina hata tundu la kupita dagaa. Watu wakaanza kuleta shukrani. Walileta mapanki, yale mabaki ya sangara minofu ikishaondolewa, yakarundikwa chini ya meza yangu, na paka wa Ilemela yote nadhani walipelekeana habari. Meneja akipita korido anaona foleni mpaka nje, anaona mwanasheria wake anaheshimiwa, anatabasamu. Mimi namrudishia tabasamu. Wazo kwamba nalipwa na upande mmoja na kuushauri mwingine halikunipitia hata kwa bahati mbaya. Nilijiona daraja.

Mwekezaji akaja. Meneja akaitisha kikao cha wafanyakazi wote kwenye ukumbi wa kupakia samaki, na kabla hatujaingia akanivuta pembeni, jasho likimtoka, akasema ana wasiwasi na Masanja, amesikia wafanyakazi wana hoja za kisheria. Na mimi, kwa kukumbuka ile ya kujitolea kabla hujaombwa, nikamshika bega (bega la Meneja!) nikamwambia, "Waache waseme lolote, Bwana Meneja. Nitalijibu mimi." Akaenda akamnong'oneza mwekezaji, mwekezaji akanitazama, akaamuru niketi karibu yake. Nikaketi. Nikaona kazi yangu imepona.

Masanja akasimama. Akavua miwani akaifuta. Hapo nikapapasa yangu usoni, kwa sababu Masanja hakuwa mtu wa miwani, ile alikuwa ameazima. Akakohoa kidogo. Kisha akaanza, hana karatasi, na yakatoka yote: tawi la wafanyakazi, notisi, kiinua mgongo, familia na mizigo, posho ya kujikimu, na mifano yangu kwa mpangilio wangu, mpaka pale ninapopenda kusema "na nisisitize" nikainua kidole, naye akasisitiza, akainua kidole. Alipoketi, Meneja akanigeukia kwa furaha ya mtu anayefungulia mbwa wake.

"Haya, Mwanasheria. Mjibu."

Nikasimama. Nilitafuta udhaifu katika hoja ile nikauona haupo, kwa sababu niliuziba mwenyewe, siku baada ya siku, kwa bidii na mapanki. Nikasema kwamba hoja ya Bwana Masanja ni nzuri ila ina, ina upungufu fulani, ambao ukiuangalia kwa makini...

Mama Kulwa hakuningoja. Alisimama na buti zake kule nyuma, wala hakuwa na hasira, alitaka tu kunisaidia, maana aliona nimesahau.

"Upungufu gani tena, Nshomile? Si ulituambia hata dagaa hapiti?"

Ukumbi ukaangua kicheko, mtu akapaza sauti, "Mwanasheria wetu, hoyee," wote wakaitikia hoyee, makofi yakapigwa, na mimi (nilikuwa nimechanganyikiwa, mnielewe) nikainamisha kichwa kuwashukuru. Nilipokiinua, Meneja alikuwa anatazama sakafu. Mwekezaji alikuwa ananitazama mimi. Huyu alizoea Kiswahili cha Nairobi, nacho kilimtosha.

"Wakili," akaniuliza taratibu, "wewe ni wangu ama ni wao?"

Jibu la mtu mwenye akili lilikuwepo. Mimi nikampa la semina. Nikamwambia kwamba mwanasheria wa kisasa ni daraja.

Akafikiri kidogo. "Asubuhi nimevuka pale Busisi. Daraja sijaona. Nimeona kivuko, na kivuko kikienda huku, hakiendi kule."

Kwa sifa yake, hakubishana na sheria. Alimuuliza Meneja kama ni kweli yaliyosemwa, Meneja akanitazama kwa mazoea, kisha akakumbuka akatazama kwingine, akasema anafikiri ni kweli. Wakakubaliana na tawi la Masanja pale pale kwamba wote watakaopunguzwa watapata haki zao kama zilivyoelezwa. Na wa kwanza kupunguzwa, mmekwisha kujua, kilikuwa kitengo cha sheria. Mama Kulwa alibaki, akachuna sangara mpaka akastaafu kwa hiari yake.

Mimi nilikuwa na kibanda changu Kiseke, hapa hapa Mwanza, na sikutaka kwenda popote. Lakini nilishasisitiza, na kidole nikainua, kwamba kila anayepunguzwa lazima arudishwe kwao na familia na mizigo, na kampuni ilikuwa imeapa kutimiza kila neno. Lori likaja. Masanja na wenzake walikuja kupakia kwa mikono yao, wakiimba, kitanda, makabati, mke wangu mbele akiwa amenuna, tukasafirishwa kwa heshima zote mpaka Bukoba, ambako sikuwa nimeishi tangu shule ya msingi. Posho ya kujikimu nililipwa pia. Ulikuwa ushauri mzuri sana.

Tulirudi Mwanza baada ya muda kwa nauli yetu wenyewe, nami nikafungua kiofisi changu karibu na stendi ya Buzuruga. Semina siendi tena, hata kama kuna kuku. Mtu akija na shida yake, kabla sijavua miwani namuuliza ameajiriwa na nani na anagombana na nani, na kama jina mojawapo nalijua, nampa maji ya kunywa na kumwelekeza kwa mwenzangu wa mtaa wa pili. Lile jiwe ninalo bado, nililipakia kwenye lori kwa siri katikati ya masufuria. Liko ofisini, upande wa ndani, limeegemea mlango ili usifunguke wenyewe.