Siku Niliyomwamuru Bijou Atoe Ulimi

Niseme mwenyewe kabla wengine hawajawasimulia: bado nimejikasirikia. Mimi ndiye kiongozi wa vijana wa kanisa letu hapa mtaani Mangobo, na mimi ndiye niliyetangaza kwamba Jumamosi tutafunga wote kutwa nzima, ili tuielewe njaa ya maskini.

Kufika saa tisa alasiri, vijana walikuwa wamelala juu ya mabenchi kama nguo zilizoanikwa. Hata mimi, niliyeshindilia fufu na mboga ya pondu kabla ya mapambazuko, tumbo lilikuwa likiniunguruma na hasira zimenijaa. Bijou peke yake, msichana aliyejiunga nasi juzijuzi, alikuwa akifagia kanisa huku akiimba.

Niliona ni dharau. Huyu amekula!

"Bijou, umekulia wapi?" nilifoka mbele ya wote.

"Sikukula, yaya," alijibu, akiniita kwa heshima kama mkubwa wake.

"Muongo! Wenzako wanakufa, wewe unaimba? Fungua kinywa. Toa ulimi!"

Akautoa. Nikainama nikachungulia kama daktari, nikitafuta hata punje ya wali. Sikuona kitu, na hilo likanikasirisha zaidi.

"Donc, yaani wewe njaa hauisikiake?"

Alifunga kinywa, akaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Yaya, kwetu tunakulaka mara moja tu, mangaribi. Leo iko siku kama zingine."

Vijana waliinuka mmoja mmoja kwenye mabenchi, wote wakinitazama mimi, nami nilikuwa bado nimeinama mbele ya uso wake.